Kucha Inayoachia Shinani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nne nilizozichagua mwezi huu zinatoka miji tofauti, lakini zote zinarudi kwenye jambo moja: namna kucha ya asili inavyoandaliwa kabla ya kupakwa jeli, ile rangi nzito ya kucha inayokaushwa kwa taa, au kubandikwa chochote. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine tatu zinaitegemea.

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni msusi hapa Tanga, na tangu mwaka jana ninapaka pia jeli na kubandika kucha. Wateja wangu wanarudi baada ya siku nne au tano wakilalamika kwamba jeli imeachia karibu na ngozi, ilhali mwenzangu anayetumia chupa zilezile kutoka duka lilelile, wateja wake hukaa nazo hadi wiki tatu. Nimebadilisha jeli mara mbili, na sasa nataka kununua praima kali zaidi, ile dawa inayopakwa kwanza ili jeli ishike. Je, kosa ni la bidhaa au ni langu?

*Msusi, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ushahidi umeutoa mwenyewe: chupa ni zilezile, duka ni lilelile, na matokeo ni tofauti. Kwa hiyo fedha ya praima iweke kando kwanza.

Mahali kucha inapoanzia kuachia panaeleza sababu. Jeli ikinyanyuka nchani, mara nyingi ni kwa sababu brashi haikupitishwa kwenye ukingo wa ncha ili kuufunga, au mteja anatumia kucha zake kufungulia mikebe. Ikinyanyuka shinani, tena ndani ya siku tano, karibu kila mara maana yake ni kwamba jeli haikushika kucha. Ilishika kitu kingine kilichokuwa juu ya kucha. Kwenye shina la kucha kuna ngozi mbili, na wanaojifunza kazi hii kwa kutazama tu huzichanganya. Ya kwanza ni lile pindo la ngozi hai linaloonekana, ambalo kazi yake ni kuziba mlango ili uchafu na vijidudu visiingie kwenye chimbuko la kucha, hilo halikatwi. Ya pili ni utando mwembamba wa ngozi mfu unaotoka chini ya pindo hilo ukiwa umenata juu ya kucha, na husogea mbele nayo kadiri inavyokua. Kwa kuwa unapitisha mwanga, macho huona kucha safi. Jeli ukiipaka juu ya utando huo itang'aa vizuri siku ya kwanza, lakini utando ukianza kupukutika, kama ngozi mfu yoyote inavyopukutika, huondoka pamoja na jeli yako.

Chukua kijiti cha kusukumia ngozi na ukilaze, kiwe karibu sambamba na kucha, kwa sababu ukikisimamisha utaikwaruza kucha na kuiachia mifereji. Lisukume pindo nyuma taratibu, kisha zungusha kijiti kwa miduara midogo pale ulipolisukuma. Baada ya muda mfupi utaona unga mweupe ukijikusanya, mfano wa unga wa sembe uliobaki kwenye chekeche. Huo unga ndio utando wenyewe. Endelea mpaka unga uishe, halafu nenda kwenye pembe mbili za pembeni, ambako kucha inaingia ndani ya nyama, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakopita haraka na ndiko maji yanakoanza kupenya.

Kazi hii yote ifanyike kwenye kucha kavu. Ninajua saluni nyingi huanza kwa kulowesha vidole kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, na mteja hufurahi, lakini kucha hunyonya maji na kutanuka kidogo. Ukiipaka jeli ikiwa katika hali hiyo, baadaye itakauka na kurudi katika umbo lake huku jeli ikibaki ilivyokauka, na hapo viwili hivyo huanza kuachana. Mteja anawe mikono kwa sabuni, ajifute vizuri, akae dakika kadhaa mbele ya feni, ndipo uanze. Kama anataka na miguu, iloweshe miguu baada ya mikono kumalizika.

Baada ya utando kuondoka, pitisha tupa laini, ile yenye msasa namba 180 au laini zaidi, kwa mkono mwepesi, mpaka mng'ao uondoke na kucha ionekane imefifia, usizidishe hapo. Kucha ya mtu mzima ina unene wa takriban nusu milimita tu, na wanaodhani kwamba kucha ikiparuzwa sana ndivyo jeli inavyoshika zaidi wanapata kinyume chake, kwa sababu kucha iliyokonda hupindapinda kila mteja anaposhika kitu, na jeli isiyoweza kupinda kiasi hicho huachia. Tupa namba 100 iachie kazi ya kupunguza akriliki, ile plastiki ngumu ya kucha za bandia; isiguse kucha ya asili. Kisha futa vumbi kwa brashi kavu, hata lile lililojificha chini ya pindo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo barua yako imenifanya nilishuku zaidi ya mengine yote, nalo ni kwamba wewe ni msusi. Mikono inayosuka hushinda na mafuta ya nywele, na mafuta hayo hayatoki kwa kujipangusa kwenye kanga. Unaandaa kucha ya mteja, unaishika kwa kidole gumba chako ili kuigeuza, na papo hapo umeirudishia mafuta uliyokwisha kuyaondoa. Nawa kwa sabuni mpaka viganja visiteleze, vaa glavu mpya, kisha ipanguse kila kucha kwa asetoni au spiriti ya isopropili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana pamba ya kawaida huacha manyoya yanayokwama kwenye jeli. Tangu hapo mteja asijishike nywele wala uso, asipokee simu. Na kwa joto la pwani, ambako viganja hutoka jasho hata mtu akiwa amekaa kimya, usiandae vidole vyote kumi kisha ukaanza kupaka. Andaa mkono mmoja, upake na kuukausha, ndipo uende kwenye wa pili.

Kabla ya kufungua chupa, geuza kila kidole kuelekea mwanga wa dirisha. Kucha iliyo tayari huwa nyeupe kama imepakwa vumbi la chaki, na sehemu itakayong'aa, hata kama ni ndogo kama punje ya ulezi, bado ina utando au mafuta. Rudia hapo tu. Mimi hadi leo sipaki bila kutazama hivi, na nimekuta sehemu zinazong'aa kwenye kucha ambazo ningeapa kwamba ni safi.

Praima ina nafasi yake, hasa kwenye akriliki na kwa wateja wenye kucha za mafuta, lakini hufanya kazi juu ya kucha safi. Haiwezi kushinda uchafu ulioachwa. Ile yenye asidi huunguza ngozi, kwa hiyo gusa katikati ya kucha kwa ncha ya brashi iliyokamuliwa, iache isambae yenyewe, na usubiri ikauke. Koti la kwanza la jeli, yaani tabaka la kwanza, liwe jembamba na liache nafasi ya unene wa uzi kati yake na ngozi. Ikigusa ngozi, ifute kwa kijiti kabla ya kuweka mkono kwenye taa, kwa kuwa jeli iliyokauka juu ya ngozi itanyanyuka ngozi inapojikunja, na jeli mbichi inayogusa ngozi mara kwa mara ndiyo inayowaletea wateja na wapakaji mzio usiopona. Kuhusu taa, fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji wa jeli. Kwa kawaida taa za UV za wati 36 huhitaji takriban dakika 2 kwa kila koti, na za LED sekunde 30 hadi 60. Balbu za UV huchoka kabla hazijazimika, hivyo kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba bado zina nguvu. Gumba liweke peke yake, likiwa limelala sawasawa, kwa sababu likiingia pamoja na vidole vinne huegama na upande mmoja hukosa mwanga.

SWALI: Shikamoo mama. Kucha yangu ya bandia ilinyanyuka upande mmoja nikaibana kwa supaglu. Baada ya wiki mbili nimeona doa la kijani chini yake. Haliniumi. Je, ni fangasi, na ninaweza kulifunika kwa rangi nyeusi mpaka harusi ya binamu yangu ipite?

*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Marahaba. Usilifunike, tafadhali. Rangi ya kijani kwa kawaida haitokani na fangasi, bali na bakteria wanaoitwa Pseudomonas, ambao hupenda mahali penye unyevu pasipopata hewa. Kucha iliponyanyuka iliacha mfuko mdogo. Maji ya kuosha vyombo na kufulia yakaingia, nawe ukayafungia humo kwa gundi. Kila unaposhindilia gundi kwenye kucha iliyoachia, unafunga mlango juu ya maji, hata kama kwa nje imekauka.

Kucha hiyo iondolewe leo kwa kuloweshwa kwenye asetoni, bila kung'olewa. Ile ya asili ikatwe iwe fupi, iachwe wazi na iwe kavu, na uvae glavu za mpira unapofua au kuosha vyombo. Usibandike chochote juu yake mpaka ipone. Doa lenyewe limeingia kwenye kucha na halitatoka kwa kusuguliwa. Litasogea mbele kucha inapokua, na kwa kuwa kucha za mikono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, utalivumilia kwa muda. Ukiona uvimbe, maumivu au usaha, au kucha ya asili ikianza kuachana na nyama, nenda hospitali, na usiende saluni. Tupa iliyotumika kwenye kidole hicho itupwe, na vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni kisha vitiwe dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kugusa kidole kingine.

Kama kucha ya bandia itanyanyuka tena siku zijazo, kata sehemu iliyoachia au uiondoe yote siku hiyohiyo. Binamu yako atakupokea na kidole kimoja kisicho na kucha ya bandia.

SWALI: Assalamu alaykum. Naolewa mwezi ujao na nitapakwa hina na piko mikononi. Nataka pia jeli kwenye kucha. Fundi mmoja ameniambia kuwa kucha yenye hina haishiki jeli. Ni kweli?

*Biharusi mtarajiwa, Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam, na Mungu akujaalie heri. Fundi wako ameona jambo la kweli lakini ameitaja sababu isiyo yake. Rangi ya hina huingia ndani ya kucha na kushikamana nayo, haibaki juu kama tabaka, hivyo haizuii jeli. Kinachozuia ni yale yanayoandamana na hina: mafuta yanayochanganywa ndani yake, ndimu na sukari inayopakwa ili hina isibanduke mapema, na mafuta ya nazi au ya karafuu yanayopakwa baada ya kubandua ili rangi ikolee. Hayo yote hujificha pembezoni mwa kucha.

Pakwa hina kwanza, uache siku mbili zipite huku ukinawa kama kawaida, ndipo uende kwa jeli. Mwambie fundi afuate maandalizi niliyoyaeleza kwenye barua ya Tanga, na kwenye kupangusa arudie mara mbili. Asisugue kwa tupa kwa nguvu ili kuondoa wekundu. Wekundu hautatoka mpaka kucha hiyo ikue na kukatwa. Piko lisipakwe juu ya kucha wala kwenye pindo la ngozi siku moja na jeli, kwa kuwa piko nyingi za dukani zina kemikali ya rangi za nywele inayoweza kuwasha, na ngozi iliyowashwa haipaswi kuguswa na jeli. Na kama unahitaji kutawadha bila kizuizi juu ya kucha, upakwe jeli karibu na siku yenyewe na upange mapema siku ya kuiondoa.

SWALI: Habari zako. Nilibandikwa akriliki ya bei nafuu ambayo haikunyanyuka hata kidogo kwa mwezi mzima, lakini ilipogonga mlango wa gari iling'oka na tabaka la kucha yangu. Sasa nina alama nyekundu na maji yakigusa panauma. Kwa nini kucha iliyoshika vizuri iniumize?

*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Pole sana. Akriliki za kucha zilitokana na vifaa vya madaktari wa meno, na kimiminika chake kina aina mbili zinazopaswa kutofautishwa. Kinachofaa hutumia ethili methakrilati. Cha bei ya chini mara nyingi huwa ni methili methakrilati, ambacho Marekani kilianza kuondolewa kwenye bidhaa za kucha miaka ya 1970 baada ya watu kulalamikia majeraha na mzio. Hiki hutoa ugumu usiopinda, harufu kali ya kukaba, na haking'olewi kirahisi na asetoni. Pia hakishiki vizuri chenyewe kwenye kucha, ndiyo sababu wanaokitumia huparuza kucha ya asili kwa mashine mpaka inakuwa kama karatasi. Kucha ya bandia ikigonga kitu hukataa kuvunjika, na kinachopasuka ni kucha yako.

Alama nyekundu na maumivu ni dalili kwamba tabaka za juu zimeondolewa. Haziwezi kurudishwa kwa dawa ya kupaka. Kucha mpya lazima itoke shinani, na kwa kidole cha mkono huchukua takriban miezi 6. Kata fupi, paka mafuta shinani asubuhi na jioni, usibandike kitu.

Kwenye vidole vilivyobaki usiruhusu mtu ang'oe. Akriliki ipunguzwe kwa tupa bila kuigusa kucha, kisha pamba yenye asetoni ifungwe kwa karatasi ya foili kwa dakika 20 hadi 30. Ikilainika kama uji mzito, itasukumwa kwa kijiti bila nguvu. Isipolainika kabisa, utakuwa umejua ulichopakwa. Basi ikatwe fupi, ipunguzwe kwa tupa iwe nyembamba, na iachwe itoke na kucha inavyokua.