Kasa Asiyeweza Kuzama

SWALI: Mhariri, salaam. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa gredi ya sita kwenye kituo cha kutunza kasa, Watamu. Kasa mmoja alikuwa akielea tangini, gamba limebenuka upande wa nyuma, anapiga makasia wala hazami. Watoto wanauliza kwa nini.
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, mara nyingi chanzo ni plastiki. Kasa akiimeza, utumbo huziba, gesi hujaa tumboni naye huelea kama boya. Hafikii tena nyasi za baharini anazokula, na boti humgonga kwa urahisi. Matabibu humpa dawa ya kulainisha choo ili aitoe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, lakini vifuniko na vipande vya nyavu bado vimejaa ufuoni. Tafadhali wapeleke watoto matembezi tena, safari hii wabebe magunia ya kuokotea taka hizo.