Besi ya zamani: fungua kwanza, bei baadaye

Precision Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, iliyotoka Fullerton, California, mwaka 1963, na nyingine iliyotengenezwa juzi kwa kuiga ile ya 1963 kisha ikazeeshwa makusudi, zinaweza kulazwa meza moja na mpigaji mzoefu akasita. Bei zake zinapishana mara kadhaa. Pesa ya ziada inalipia mbao, rangi, waya na lehemu ambavyo havijaguswa tangu kiwandani, na vyote hivyo vinakagulika. Ugumu ni kwamba tangu Leo Fender alipotoa Precision mwaka 1951, ala hii hufungwa kwa skrubu. Shingo, pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi), daraja na vikaza nyuzi hutoka na kuhamia besi nyingine ndani ya saa moja. Kwa hiyo wewe unayeanza biashara hii, usiishie kuuliza besi ni ya mwaka gani. Uliza kila kipande ni cha mwaka gani, kisha tazama kama vinakubaliana.

Tutashika Fender za miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu ndizo zinazoigwa kuliko zote na ndizo zinazowapotezea watu pesa.

Namba ya mgongoni haitoshi

Muuzaji atakutumia kwanza picha ya kibati cha shingo chenye namba. Kati ya mwishoni mwa 1962 na 1965 namba hizo zilianza na herufi L. Baada ya hapo kibati kikachorwa F kubwa hadi 1976, kisha namba ikahamia kichwani. Jua hayo, lakini usilipe kwa kuyategemea. Kibati kinashikwa na skrubu nne, kinauzwa peke yake, na vipo vilivyochongwa upya. Hata vya kweli havikufungwa kwa mpangilio wa namba, hivyo kupishana na shingo kwa mwaka mzima si jambo la kushangaza.

Tarehe iliyo kwenye kisigino cha shingo ina uzito zaidi. Kabla ya 1962 iliandikwa kwa penseli, mwezi na mwaka. Baadaye ukaja muhuri wa aina hii: 7 APR 64 A. Wageni wengi husoma 7 kuwa siku ya mwezi. Ile ni namba ya modeli: 7 ni Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, 5 ni Precision. Herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale nyuzi zinapoingia kichwani: A ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38, na C ni inchi moja na robo tatu, milimita 44 na nusu. Ukikuta muhuri wa 7 na A ndani ya mwili wa Precision, shingo hiyo imetoka kwingine, hata kama mwaka unalingana na kibati.

Kutoa shingo kunataka utulivu. Legeza nyuzi zote hadi zilegee kabisa, bana kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha chuma kinachokatiza ubao wa vidole, ili zisitawanyike, kisha legeza skrubu nne kidogokidogo kwa kukingamana, ukitumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Shingo ikishaachia, inyanyue moja kwa moja kwenda juu. Ukiitikisa kushoto na kulia, kona za mfuko wa shingo zitabanduka rangi, na hapo wewe ndiye utakuwa umeishusha bei. Wakati wa kurudisha, zungusha kila skrubu kinyume hadi uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Asiyefanya hivyo huchonga njia mpya ndani ya mti, na baada ya kufunguliwa mara chache shingo haishiki tena.

Kama mwenye mali hataki ifunguliwe, ni haki yake. Nawe una haki ya kuipa bei ya besi isiyothibitishwa.

Rangi ndiyo nusu ya thamani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kwa wauzaji wengi wa Marekani na Ulaya, besi iliyopakwa rangi upya hushuka karibu nusu ya bei, hata kama kila kipande kingine ni cha asili. Ndiyo maana udanganyifu mwingi uko kwenye rangi, hasa rangi za kuagiza kama Fiesta Red, Sonic Blue au Lake Placid Blue, ambazo zina bei kuliko ile ya kahawia inayofifia kuelekea njano katikati.

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya mfuko wa shingo. Kuanzia 1963 hivi, kiwandani walifunga kijiti mle ndani kwa skrubu ili kuushika mwili wakati wa kupuliza rangi. Rangi haikufika chini ya kijiti, ikabaki alama ndefu isiyo na rangi ya juu, pamoja na matundu madogo ya skrubu zake. Mfuko uliojaa rangi laini hadi pembeni, katika besi inayodaiwa kuwa ya 1966, umepuliziwa baadaye.

Ushahidi wa pili ni matundu ya misumari. Hadi mwishoni mwa 1964 mwili uligongelewa misumari midogo mitatu au minne upande wa mbele, ili usiguse meza wakati unapakwa na kukauka. Misumari ilitolewa rangi ikiwa tayari imepakwa. Tundu la kweli, kwa hiyo, lina mti mkavu ndani, wakati lililojaa rangi linakwambia mwili ulipakwa tena. Mengi yamefichwa na bamba la kinga, kwa hiyo lazima bamba lifunguliwe. Waigaji waliosoma vizuri siku hizi huchimba matundu hayo pia, lakini mara nyingi huyachimba kwa keekee, yakawa ya mviringo mkamilifu. Msumari husukuma nyuzi za mti pembeni, na ukimulika kwa tochi kupitia lenzi ya kukuza utaona tofauti hiyo.

Ukishafungua bamba, linganisha rangi iliyokuwa imefunikwa na ile iliyopigwa na mwanga. Nitro, yaani vanishi ya nitroselulosi iliyotumika hadi karibu 1968, hugeuka njano kadiri miaka inavyopita. Olympic White iliyokaa wazi huwa kama krimu, ilhali chini ya bamba inabaki nyeupe zaidi. Mwili wenye rangi moja kila mahali unatakiwa kutolewa maelezo. Nyufa nyembamba za nitro hupita hata chini ya bamba. Zilizochorwa kwa wembe zina kingo kali, zimenyooka mno, na huishia mahali jicho la mnunuzi linapoishia.

Beba taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, na uiwashe ndani ya chumba chenye giza. Nitro iliyozeeka hung'aa kijani-njano, na sehemu zilizogusiwa rangi juzi huonekana kama mabaka meusi. Usiitumie peke yake kama hakimu, maana jasho, nta na moshi wa sigara hubadilisha mwangaza huo. Baada ya 1968 Fender walihamia poliesta, tabaka nene linalomeguka kama kioo. Kwa miaka kadhaa uso wa kichwa uliendelea kupewa nitro, kwa hiyo kichwa chenye njano juu ya shingo isiyo na njano si kasoro. Ndivyo kilivyotoka.

Waya na lehemu

Geuza bamba usome potenshiometa, yaani vidhibiti vya sauti. Mgongoni au ubavuni zina namba: 304 ni kiwanda cha Stackpole, 137 ni CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa mfano 1376627 ni CTS, 1966, wiki ya 27. Namba hii inakupa kikomo cha nyuma tu, kwamba besi haikuunganishwa kabla ya hapo. Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966 wakaitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo potenshiometa za 1966 ndani ya besi ya 1968 zisikutie wasiwasi. Potenshiometa za 1966 ndani ya besi inayodaiwa kuwa ya 1964 zinamaanisha zilibadilishwa, au mwaka umesemwa vibaya.

Tazama lehemu yenyewe. Ya zamani imefifia na imetulia mahali pamoja. Ukiona tone jipya linalometa juu ya tone la zamani, au waya wenye ganda la plastiki umeungwa na waya wenye ganda la kitambaa, kuna mtu alipita hapo. Waya wa kitambaa ndio wa kawaida hadi karibu 1967 au 1968.

Kabla hata ya kufungua chochote, maltimita (kipima umeme) inaweza kukupa habari. Chomeka waya kwenye tundu la besi, fungua volumu zote, weka mita kwenye omu. Precision ya kawaida husoma kilo-omu 10 hadi 11. Jazz Bass ina pikapu mbili sambamba, kwa hiyo husoma karibu 3.6 hadi 3.8. Funga volumu moja na mita itapanda hadi karibu 7, kisha fanya hivyo kwa ile nyingine. Precision inayosoma karibu kilo-omu 250, yaani volumu peke yake, au isiyosoma kitu, ina koili iliyokatika au kiungo kilichoachia. Inayosoma karibu 5 ina nusu moja iliyojipiga shoti, kwa kuwa nusu zake mbili zimeungwa kwa mfuatano. Pikapu iliyosukwa upya na fundi mzuri hupiga vizuri kabisa, ila isiuzwe kama ya asili.

Alama za mwaka kwa macho na rula

Jazz Bass ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa na vifundo vya sauti vya ghorofa, kimoja juu ya kingine, hadi mwanzoni mwa 1962 ndipo vikaja vitatu vya kawaida. Ubao wa vidole wa mti wa rozwudi ulikuwa bapa upande wa chini kuanzia katikati ya 1959 hadi katikati ya 1962. Baada ya hapo ulipinda kufuata shingo na ukawa mwembamba, na hilo unaliona kisiginoni kwenye maungio. Vidoto (alama za duara) vya ubaoni vilikuwa vya rangi ya udongo hadi mwishoni mwa 1964, kisha vikawa vya kung'aa kama lulu. Mwaka 1966 Jazz ikapata vipande vya mstatili badala ya vidoto.

Kipimo kimoja kinaokoa pesa nyingi. Pima kutoka katikati ya pikapu moja ya Jazz hadi katikati ya nyingine. Katika miaka ya 1960 ni karibu milimita 91. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pikapu ya nyuma ilisogezwa kuelekea daraja, ikawa karibu 102. Mwili wa 1974 uliopewa shingo na kibati cha 1964 unaumbuliwa na rula tu.

Shingo nayo ikaguliwe kama kifaa cha kazi. Urefu wa nyuzi ni milimita 864, kwa hiyo freti ya 12 iko milimita 432. Bonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho, tazama pengo kwenye freti ya saba au ya nane: milimita 0.3 hadi 0.4 panafaa. Shingo iliyojinyonga, au ambayo chuma chake cha ndani kimekazwa hadi mwisho na bado imepinda, ni hasara ambayo hakuna tarehe ya kisiginoni itakayoifidia.

Kupanga bei, na kubadilishana

Anza na bei ambazo besi safi zimeuzwa kweli, si bei zilizotangazwa. Kisha shuka. Rangi mpya, karibu nusu. Mwili uliochimbwa ili kuingiza pikapu nyingine unaumia karibu kama huo, kwa sababu mti haurudi. Matundu ya ziada nyuma ya kichwa kutokana na vikaza nyuzi vingine yanapunguza, ingawa si sana. Freti mpya zilizowekwa vizuri hazistahili kukutisha, besi ya kupigwa lazima ibadilishwe freti siku moja. Besi ya kuungaunga, hata kama kila kipande ni cha miaka ya 1960, ina bei ya chini kuliko jumla ya majina yake.

Usidharau za Kijapani. Fender na Squier zenye namba ya JV zilitengenezwa FujiGen Gakki kati ya 1982 na 1984, na zina soko lake lenye heshima. Mwaka huohuo wa 1982 Marekani nako zikatoka nakala rasmi za Precision ya 1957 na 1962 na Jazz ya 1962, zenye namba ya V kwenye kibati. Hizo mbili ndizo mtu mwenye bajeti ya kawaida anazopaswa kuzitafuta, na ndizo hubadilishwa stika na kibati zikauzwa kama za miaka ya 1960. Stika ya Fender za kabla ya 1968 hivi ilikaa juu ya vanishi: pitisha ukucha taratibu uone kama kingo inasikika.

Ukivusha mpaka, angalia mti wa ubao wa vidole. Rozwudi ya Brazili, iliyotumika kwenye Fender nyingi za mwanzo, iko chini ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) daraja la kwanza tangu 1992 na inahitaji kibali. Jamaa zake, ukiwemo mpingo wetu, ziliwekwa daraja la pili, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za miti hiyo mingine zimeondolewa masharti ya kibali.

Amplifaya ikiwemo kwenye mabadilishano, mfano Ampeg SVT ya 1969 yenye vali 14 na wati 300, soma namba nyuma ya spika kwa utaratibu uleule: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 67 ni Eminence. Ya Marekani inataka volti 120, hivyo Dar es Salaam au Nairobi itahitaji transfoma ya kushusha umeme, wati 1,000 au zaidi. Kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa, kwa hiyo ndani aingie fundi anayejua kuzimaliza chaji.

Makubaliano yaandikwe kipande kwa kipande: shingo, mwili, rangi, pikapu, potenshiometa, vikaza nyuzi, daraja, sanduku, kila kimoja kikitajwa kuwa cha asili au kilichobadilishwa, na siku ngapi unaruhusiwa kuifungua na kuirudisha kama maandishi na mti havikubaliani.