Tarantula anayekataa kula kabla ya kujivua gamba
Ndugu, kukataa kula kwa wiki tano na kipara cha tumboni kugeuka cheusi, kama unavyoeleza kuhusu tarantula wako, buibui mkubwa wa Meksiko mwenye magoti mekundu, kwa kawaida ni dalili za kukaribia kujivua gamba. Kinachonitia wasiwasi ni tumbo kusinyaa, kwa sababu buibui huyu hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, na akipungukiwa anaweza kukwama ndani ya gamba la zamani. Tafadhali mwekee leo kisahani cha maji safi, mwondolee nyenje walio hai uliomwekea kama chakula, na usimshike kabisa. Ukimkuta amelala chali, mwache, anajivua. Miguu iliyojikunja chini ya mwili ndiyo ya kuogopa. Chakula kisubiri mpaka meno yake, yatakayokuwa meupe mara baada ya kujivua, yawe meusi tena.