Nimefuta usajili wa mwisho: ushauri kwa mtu wa TEHAMA aliyechoka kuwa mpangaji kwenye seva za wengine

Wiki iliyopita nilifuta usajili wa mwisho niliokuwa nao kwenye kampuni kubwa za teknolojia. Picha, mafaili, kalenda, namba za watu, nywila: vyote sasa vinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kuhudumia data, iliyo nyumbani kwangu, ninayoijua kila waya. Barua pepe tu ndiyo iko kwingine, na nitaeleza kwa nini. Najivunia kazi hii na sioni sababu ya kuficha. Niliifanya usiku baada ya saa za kazi, huku baadhi ya wenzangu wakiniambia napoteza muda. Nyie mnaoshika mifumo ya watu wengine kutwa nzima, mkirudi nyumbani mnatamani kushika ya kwenu, nawaandikia nyie.

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonileta huku.

Nilipoingia kwenye kazi hii, msimamizi wa mifumo alikuwa anasimamia kweli. Seva ikigoma usiku unaamka, unasoma logi (rekodi za yaliyotokea kwenye mfumo), unafukuzana na hitilafu mpaka unaikamata, na asubuhi unajua kitu ambacho jana hukukijua. Kisha mikataba ikasainiwa juu kwa juu, kila kitu kikahamishiwa kwenye wingu la kampuni moja, yaani seva zake zinazofikiwa kwa intaneti, na chumba cha seva kikawa stoo ya viti vibovu. Leo barua pepe za ofisi zikikwama, kazi yangu ni kufungua tiketi, yaani ombi la msaada, na kusubiri. Anayenijibu ni mashine, inanitumia kiungo cha ukurasa nilioukariri. Mabosi wanauliza, "Itarudi lini?" Sina jibu, lakini lawama ni zangu. Kila baada ya muda vitufe vinahamishwa, na kipengele tulichokizoea kinapelekwa kwenye kifurushi cha bei ya juu zaidi. Hilo linamuuma mtu aliyejifunza kazi hii kwa kuipenda.

Wala si ofisini kwetu peke yake. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, watengenezaji wa programu za kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja, mwishoni mwa Novemba 2023, na Desemba hiyo ikatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena, kuanzia sasa ni usajili. Watu waliojenga mifumo yao yote juu ya VMware walibaki wanapiga hesabu upya. Desemba 2020 tuliambiwa CentOS 8, mfumo endeshi wa bure wa Linux ambao seva nyingi zilitumia na ambao tulitarajia ihudumiwe hadi 2029, utafika mwisho wake mwishoni mwa 2021. Google Photos ilikuja mwaka 2015 na nafasi isiyo na kikomo bila malipo. Watu wakamimina maisha yao yote humo, na ilipofika tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa kwenye nafasi yako. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa huko kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hakuna sheria iliyovunjwa katika mengi ya haya. Masharti yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo kwamba wanaweza kubadilisha wakati wowote, nasi tukabonyeza "Nakubali".

Kwangu jambo lilikuwa la karibu zaidi. Siku moja akaunti yangu binafsi ilifungwa na mfumo wa kampuni fulani. Sababu haikutajwa. Nilijaza fomu, jibu likaja baada ya dakika chache, yaani hakuna binadamu aliyeisoma. Nikajaza nyingine. Ndani ya akaunti ile kulikuwa na picha za mama yangu, ambaye hayupo tena duniani, na sauti yake kwenye video fupi fupi alizokuwa anapenda kurekodiwa. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwarudishia watu mafaili yao, nilikuwa nahangaika kumtafuta mtu mmoja tu wa kuongea naye. Baadaye akaunti ilifunguliwa kama ilivyofungwa, kimya kimya, bila maelezo wala samahani. Bado sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Siku ile ile nilianza kupakua kila kitu.

Sasa ushauri. Sitaeleza namna ya kusakinisha programu moja moja, maelekezo yake yapo na wewe unajua kuyasoma. Nitasema yale ambayo maelekezo hayasemi.

Anza na kile ambacho ukikipoteza utalia. Naona watu wengi wanaanza na seva ya filamu, Jellyfin na wenzake, kwa sababu inapendeza na inaonyesheka. Programu hiyo ni nzuri, hata mimi ninayo. Lakini filamu utaipata tena kesho. Picha ya mzazi hutaipata. Kwangu Immich ilikuja kwanza kwa ajili ya picha, Nextcloud ikafuata kwa mafaili na kalenda, halafu Vaultwarden kwa nywila. Nilikaa na moja mpaka nikaizoea ndipo nikaongeza nyingine. Ukisakinisha kontena ishirini (programu zilizofungashwa kila moja peke yake) kwa usiku mmoja, utakuwa na milango ishirini ya kulinda na hujui hata mmoja vizuri.

Mashine isikusumbue akili. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima kabisa zimewekwa kando kwa sababu hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Hizo ndizo seva zetu. Weka Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux, iongezee kumbukumbu ukiweza, weka diski mpya, basi. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo inafaa kwa mwanzo, ila usiache data ikae kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hizo hazikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana.

Usifungue poti, yaani milango ya mtandao, ovyo kwenye ruta yako. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtu wa TEHAMA anayeweka ukurasa wa kuingilia wa seva yake wazi kwa dunia nzima, eti apate urahisi, anafanya nyumbani kile anachowakataza watu kazini. Tumia WireGuard, njia iliyofungwa kwa usimbaji ya kuifikia seva yako ukiwa mbali. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, ni nyepesi, na kwenye simu ukishaiweka unaisahau. Huenda ukagundua kwamba huna anwani ya IP (namba ya kukutambulisha kwenye intaneti) ya umma ya peke yako, kwa kuwa mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Basi kodi seva ndogo kabisa mahali fulani iwe lango tu. Trafiki ipite pale ikiwa imefungwa kwa WireGuard, data ibaki kwako. Kuna watakaokuambia kwamba ukikodi hata hicho kidogo hujajitegemea. Wapuuze. Muhimu ni kwamba lango hilo likifungwa leo, kesho unakodi jingine na hujapoteza hata picha moja.

Halafu nakala za akiba. Nitalirudia hili hata kama linachosha: nakala za akiba. Kampuni ukiiacha, hata kazi yake ya kulinda data unaichukua wewe, na hakuna wa kumfungulia tiketi. Kanuni ya zamani ya 3-2-1 haijapitwa: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumba. Machi 2021 kituo cha data cha OVH kiliungua pale Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Moto ukiweza kufanya hivyo kwenye jengo la kampuni ya ukubwa ule, chumba chako ni nini? RAID, yaani kuunganisha diski ili ziandikwe kwa pamoja, si nakala ya akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID inalifuta nawe kwa uaminifu kwenye diski zote mbili. Mimi natumia programu ya restic, inafunga data kwa usimbaji (kuigeuza isisomeke bila ufunguo) kabla haijatoka, na diski ya mbali iko nyumbani kwa dada yangu. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha usiihesabu. Chukua mashine tupu, rejesha, fungua picha uzione. Fanya hivyo mara kwa mara.

Barua pepe nimeiacha nje kwa makusudi. Unaweza kuweka SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi za kuthibitisha kwamba barua ni yako kweli, sawasawa kabisa, na bado barua zako zikaangukia kwenye taka za watu kwa sababu tu zinatoka kwenye anwani ya IP isiyojulikana. Watoa huduma wengi wa intaneti za nyumbani hata poti 25, inayopitisha barua pepe, wanaizuia. Nilichofanya ni kusajili kikoa changu mwenyewe, yaani jina langu la intaneti linalokaa baada ya alama ya @, na kumlipa mtoa huduma mdogo anipokelee barua. Akinichosha, nabadilisha rekodi za DNS (zinazoonyesha barua za kikoa ziende wapi) na kuhama, anwani yangu inabaki ile ile. Ndugu zangu, kama hamtafanya lolote katika haya, fanyeni hili la kikoa. Msikubali jina lenu la kupatikana duniani liwe mali ya kampuni inayoweza kuwafungia mlango bila kuwaambia mmekosa nini.

La mwisho ni la watu wa nyumbani. Mke wangu hajali nimetumia programu gani, anataka picha zifunguke. Kwa hiyo masasisho nayafanya nikiwa na muda wa kurekebisha kitakachovunjika, kamwe siyafanyi dakika chache kabla ya kutoka. Pia nimeandika karatasi mbili: seva iko wapi, diski ya akiba iko kwa nani, nywila kuu inapatikanaje, na hatua za kutoa picha zote kuziweka kwenye diski ya kawaida. Moja anayo yeye, nyingine anayo rafiki yangu wa kazini. Nilimpa huyo rafiki mashine tupu na karatasi, nikakaa pembeni bila kumsaidia. Alikwama kwenye hatua ya nywila, nikaiandika upya, akajaribu tena na akafika. Usifute akaunti yako ya zamani kabla mtu mwingine hajafika kama yeye.