IGV ijipigie foto yenyewe, wewe ubaki na kazi ya kuangalia

SWALI: Jambo yaya. Niko mwanafunzi hapa Bukavu, namaliza memwari yangu juu ya virusi vya mpox. Niko na sampuli 46 na kwa kila moja nataka kuona sehemu 8 za jenomu ndani ya IGV, ile programu ya kuangalia DNA kwa skrini, sasa piga hesabu, ni foto 368. Jana nimeshinda nabonyeza tangu asubuhi mpaka kura (umeme) ikakatika, nimepata foto 61 na zingine hata sijui ni za sampuli gani. Rafiki akanipa skripti ya Python, nikaiendesha, foto zikatoka nyeupe tupu! Tena kuna mtu anasema hizo foto zote ni bure, hesabu za kompyuta zinatosha. Nisaidie yaya. (Dada F., Kadutu)

JIBU: Jambo mdogo wangu, na pole sana kwa hiyo siku. Usibonyeze tena. IGV ikiwa wazi huwa inasikiliza kwenye poti 60151, yaani programu nyingine ndani ya masini hiyohiyo inaweza kuituma kazi kwa maneno ya kawaida kabisa: genome, load, goto, snapshot. Kama haisikilizi, ingia kwenye mapendeleo yake uiwashe hiyo poti. Kwa upande wa Python hauhitaji kudaunlodi kitu, laibrari ya socket inakuja nayo tayari:

import socket
s = socket.create_connection(("127.0.0.1", 60151))
def tuma(neno):
    s.sendall((neno + "\n").encode())
    return s.recv(4096).decode()

Hiyo return ndiyo dawa ya foto zako nyeupe, naamini. Kila ukituma neno IGV inafanya kazi halafu inajibu OK, na skripti nyingi watu wanapeana zinatuma maneno yote mfululizo bila kungoja jibu, basi foto inapigwa wakati ridi (vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) bado hazijachorwa. Ngoja OK, kisha endelea. Kama bado ni nyeupe angalia upana wa dirisha, ukifungua pana sana IGV haichori ridi, inakuambia tu usogeze karibu. Halafu angalia jina la jenomu: kama BAM yako (faili ya ridi zilizowekwa mahali pake kwenye jenomu) inasema NC_003310.1 na wewe kwenye goto umeandika chr1, hakuna kitakachoonekana. Na BAM ipangwe, iwe na indeksi yake .bai pembeni.

Kwa snapshotDirectory andika njia nzima ya folda, kuanzia mwanzo, juu IGV haijui skripti yako iko folda gani, na kwa jina la folda usiweke nafasi. Jina la foto litoke kwa sampuli na sehemu zenyewe, S07_sehemu3.png, hautapotea tena. Jenomu ya kulinganishia weka faili ya fasta kwa masini yako, usiache IGV iitafute kwenye intaneti kila mara, mega zinaisha bure. Na juu ya kura yetu hii ya Bukavu, kabla ya kila snapshot skripti iulize kwanza os.path.exists, foto ikiwa iko tayari iiruke. Kura ikirudi unaendesha tena, inaanzia pale ilipofika.

Sasa huyo anayesema foto ni bure, hapana, na sisi watu wa Sud-Kivu ndio tunapaswa kujua zaidi. Mlipuko wa Kamituga wa 2023, ule uliotupatia kledi Ib (kledi ni tawi la virusi), virusi vilikuwa vimepoteza kipande cha herufi za DNA kama 1,100 chenye jeni D14L, na kipimo cha PCR cha kutambua kledi I kilikuwa kinatafuta palepale, kwa hiyo kilikuwa kinakosa. Jenomu ya kulinganishia NC_003310 iko na herufi 196,858 na hicho kipande bado kimo ndani, basi ukifungua sampuli ya kledi Ib utakiona kwa macho: mlima wa ridi unaendelea vizuri, unaanguka ghafla mpaka sifuri, halafu unapanda tena.

Lakini shimo peke yake lisikudanganye, hapa ndipo nataka uwe makini sana. Kama mlisikwensi (mlisoma DNA) kwa ampulikoni, yaani vipande vilivyozidishwa kwanza kwa PCR, kipande kimoja kikishindwa kuzaana ndani ya mashine ya PCR kinaacha shimo linalofanana kabisa. Sogeza karibu kwenye kingo. Kipande kikiwa kimepotea kweli, utakuta ridi ndefu zinazovuka shimo, rangi huku na rangi kule, katikati kamstari kembamba na namba ya herufi zilizokosekana. Au kama ridi ni fupi, zinakatika zote kwenye herufi ileile moja. Ampulikoni ikishindwa hakuna ridi inayovuka, ni utupu tu.

Kwa hiyo kwa kila sampuli omba foto mbili za D14L, moja pana ya shimo zima na moja ya ukingo kwa ukaribu, herufi 200 hivi. Na zile ncha mbili za jenomu ukiona ridi nyeupe usiogope, ncha hizo zinafanana, programu haijui ridi ikae upande gani. Anza na sampuli 3 tu leo jioni, uzifungue foto zake zote, kisha ndio uachilie 46.