Kinyonga amekwama kuzaa: usimvute mtoto

Pole sana. Umesema kinyonga wako wa pembe tatu alizaa wawili asubuhi, kisha akakwama hadi jioni, macho yamebonyea. Usingoje kesho: mpeleke usiku huu kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Huenda amepungukiwa maji au kalsiamu, misuli ya uzazi imechoka. Daktari atampiga eksirei, kisha ataamua kama ni sindano au upasuaji. Tafadhali sana, usimminye tumbo. Mnyunyizie maji kwanza, ayalambe, ndipo umsafirishe kwenye boksi lenye giza, lisilo na baridi.

Wale watoto wawili watenge naye. Huzaliwa ndani ya utando mwembamba unaonata; mtoto asipojinyoosha na kuupasua, ulowanishe kwa maji ya uvuguvugu, umfungue puani taratibu.