Hakuwa na homa, mbona walisema ana maambukizi?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mwanangu alipofikisha siku sita aligoma kunyonya, akawa analala tu. Nilimgusa kipaji, hana joto, tena miguu ya baridi. Mama mkwe akasema ni mchango, tumtafutie dawa ya kunywa. Baba yake akakataa, tukaenda hospitali, tukalazwa. Siku ya tatu mtoto alinyonya vizuri, lakini wakatuweka hadi siku ya saba, sindano tu. Walijuaje ana maambukizi? Na sindano zote zile za nini?
Mama Kichanga, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Na huyo baba mtoto mpikie kitu kizuri.

Kichanga akiingiwa na bakteria kwenye damu, anaweza kupoa badala ya kuchemka. Joto la 37.5 kwenda juu ni hatari, na chini ya 35.5 ni hatari vilevile. Ndiyo maana nilipokuwa wodini sikuanza na kipimajoto. Nilimwambia mama, "Hebu mpe ziwa nione." Jana alinyonya vizuri, leo chuchu iko mdomoni na taya halisogei: huyo hajashiba, anaumwa.

Kisha pumzi. Fungua kanga, mwache atulie, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana kichanga hupumua mara mbio, mara taratibu. Zikifika 60, hesabu tena. Zikirudi hivyohivyo, nenda. Kifua kikibonyea sana ndani anapovuta pumzi, akishikwa na degedege, au asipojitikisa mpaka aguswe, usihesabu chochote, ondoka. Kitovu chenye usaha nacho kionwe siku hiyohiyo.

Sindano kwa kawaida ni mbili, ampisilini na jentamaisini, kwa kuwa kila moja ina bakteria inaowaweza zaidi. Kunyonya siku ya tatu kulionyesha dawa imeshika, si kwamba bakteria wameisha. Dozi hufuata uzito wa mtoto, na jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio, kwa hiyo sitaki kusikia mtu kachomewa mtoto dukani. Kwa familia isiyoweza kabisa kufika hospitali, Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linakubali zahanati itoe jentamaisini ya sindano na amoksilini ya kunywa.

Mama mkwe usigombane naye, mpe kazi ya kuhesabu pumzi. Ila dawa ya kijiko hapana: mtoto aliyeshindwa kunyonya akinyweshwa, inaweza kuingia mapafuni.

Na mkipanda bodaboda kutoka Pongwe kwenda hospitali ya Bombo, mtoto akae kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu yenu wote wawili, pua yake iwe wazi.